Kibaba cha Saa Nane

Saa nane usiku. Dundee imelala.
Ukungu umepanda kutoka mto Tay
na kuingia barabara ya Perth bila kubisha hodi,
na chini ya jengo la biolojia, katika chumba kisicho na dirisha,
seva nne kuukuu zinaamka zenyewe.

Niliziandikia ratiba mwezi wa pili,
siku theluji iliponifungia ofisini na chupa ya chai:
Chukueni msimbo wa leo kama ulivyo,
ujengeni, uwasheni,
pelekeni faili moja nene kupitia mtandao,
kisha vijifaili elfu arobaini, vidogo kama ufuta.
Fungua, soma, badili jina, futa.
Mara tano. Tupeni tokeo la juu, tupeni la chini,
mniachie la katikati.

Shangazi Mwanaheri aliuza mchele.
Kibaba, kijiti cha kusawazisha,
na kidole gumba ambacho wateja walikichunga kuliko mchele.
Haba na haba hujaza kibaba, hilo tulifundishwa.
La pili nimejifunzia huku kwenye baridi:
haba na haba hukipunguza.
Asilimia moja Jumanne. Nusu yake Alhamisi.
Hapigi kelele mtu. Mtafiti wa ghorofa ya tatu
anangoja faili lake pumzi moja zaidi
na kudhani ni uzee.

Ndiyo maana kuna jaribio.
Halimjui aliyeandika. Halioni haya.

Jumatatu nakuta mstari wa grafu umeanguka.
Haukuteleza; umeanguka, kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Ijumaa: megabaiti mia nne na tisa kwa sekunde.
Leo: mia moja na kumi na mbili.
Eilidh Geddes anasoma akiwa bado na koti.
"Swichi," anasema. Swichi nzima.
"Diski." Diski nzima.
"Basi ni mtu," anasema, na kuvua koti.

Tunagawa. Mabadiliko thelathini na mawili tangu Ijumaa,
nusu huku, nusu kule: kumi na sita,
nane (shakwe wanagombana juu ya paa),
nne, chai imepoa,
mbili,
moja.

Langu.
Mistari mitatu, saa kumi na moja jioni,
jina langu pembeni, na maelezo mafupi:
*seva ingoje diski.*

Maana hapo awali, ukiiambia hifadhi,
ilijibu tayari
huku data ingali kiganjani mwake,
haijagusa diski, haijalala popote.
Umeme ukikatika katikati ya neno hilo na tendo lenyewe,
kazi ya wiki tatu imekwenda
na kila mtu ana risiti.

Eilidh anakaa kimya. Kisha: "Kwa hiyo ile kasi yetu..."
Namaliza kwa lugha yangu, haelewi, ila anaelewa:
njia ya mwongo ni fupi.
Miaka minne tuliipima ile njia,
tukaichora kwa kijani, tukaibandika ukutani.

Jaribio lilikuwa sahihi. Tumepungua.
Lakini halikujua, wala si kazi yake kujua,
kwamba Ijumaa ile nilikuwa nimetoa kidole ndani ya kibaba.

Tunabishana hadi mchana. Yeye anataka njia ya tatu,
kukusanya maandiko mengi, kuyalaza kwa pamoja,
huenda tukarudi mia mbili, kwa halali.
Huenda. Kwa leo naandika namba mpya ya kulinganishia,
mia moja na kumi na mbili,
na vidole vyangu havipendi kuiandika.

Saa kumi simu inalia. Ghorofa ya tatu.
"Leo mambo yenu yanatambaa."
Ndiyo, namwambia. Yanatambaa.
"Sasa faili langu je?"
Limefika.
"Si hufika siku zote?"

Natazama ukuta, ile karatasi ya kijani.
Nanyanyuka kuibandua, simu ikiwa bado sikioni.